Mzigo wa machaguo

Mzigo wa machaguo ni hali inayompata mtu anayetakiwa kuchagua kitu kimoja kati ya vingi, akashindwa kuamua, akaahirisha uamuzi, au akachagua lakini asitosheke na alichochukua, kwa sababu vitu vilivyo mbele yake ni vingi mno. Dhana hii huchunguzwa katika saikolojia, uchumi wa kitabia na taaluma ya masoko, hasa katika utafiti kuhusu tabia ya wateja na namna wafanyabiashara wanavyopanga bidhaa zao.

Dhana ilipata umaarufu kutokana na jaribio la jamu lililochapishwa mwaka 2000 na wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper. Tangu hapo wazo la kwamba bidhaa nyingi hupunguza mauzo limerudiwa mara nyingi katika vitabu na mafunzo ya biashara kana kwamba ni kanuni. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba jambo hili hutegemea mazingira: wingi wa machaguo humlemea mteja katika hali fulani, na katika hali nyingine humsaidia au haubadilishi kitu.

## Asili ya wazo

Wazo lenyewe ni la kale. Methali ya Kiswahili husema "njia mbili zilimshinda fisi", kutokana na hadithi ya fisi aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia panda akataka kufuata njia zote mbili kwa pamoja. Methali nyingine, "mchagua nazi hupata koroma", huonya kwamba anayechagua kupita kiasi huishia na kitu kibaya. Huko Ulaya kuna mfano wa punda aliyesimama katikati ya marobota mawili ya nyasi yaliyo sawa akafa kwa njaa. Mfano huo hufungamanishwa na jina la mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 14, Jean Buridan.

Nadharia ya kawaida ya uchumi haikubaliani na methali hizo. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kuongeza chaguo hakuwezi kumdhuru mteja, kwa kuwa asiyelitaka anaweza kulipuuza. Kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa kila mtu kupata kinachomfaa.

Katikati ya karne ya 20 Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala uwezo wa akili wa kulinganisha kila kitu. Kwa kawaida mtu hujiwekea kiwango, akachukua chaguo la kwanza linalokifikia. Mwaka 1970 mwandishi Alvin Toffler alitabiri kwamba wakazi wa nchi tajiri watafikia wakati ambapo wingi wa machaguo utakuwa adha badala ya uhuru. Katika miaka ya 1970 pia, mtafiti Jacob Jacoby na wenzake walianza kupima kama wateja wanaopewa taarifa nyingi kuhusu chapa za bidhaa hufanya maamuzi mabaya zaidi.

## Jaribio la jamu

Jaribio lilifanyika katika supamaketi ya Draeger's mjini Menlo Park, jimbo la California, Marekani. Duka hilo lilijulikana kwa wingi wa bidhaa zake: lilikuwa na aina takriban 250 za haradali na zaidi ya aina 300 za jamu.

Watafiti waliweka meza ya kuonjesha jamu za kampuni moja ya Uingereza kwa Jumamosi mbili mfululizo. Kwa muda fulani meza ilikuwa na ladha 24, kisha ikabadilishwa kuwa na ladha 6. Ladha zilizozoeleka zaidi, kama stroberi, ziliondolewa ili mtu asichukue tu ile anayoijua. Kila aliyesimama mezani alipewa kuponi ya punguzo la dola 1. Aliyetaka kununua alikwenda mwenyewe kwenye rafu ya jamu, na kuponi iliyotumika ilionyesha alitoka kwenye meza ipi.

Matokeo yalikuwa hivi:

* Meza ya ladha 24: asilimia 60 ya waliopita walisimama, na asilimia 3 ya waliosimama walinunua.
* Meza ya ladha 6: asilimia 40 ya waliopita walisimama, na asilimia 30 ya waliosimama walinunua.

Hivyo katika kila watu 100 waliopita karibu na meza kubwa, takriban 2 walinunua jamu, na katika kila 100 waliopita karibu na meza ndogo walinunua 12. Meza kubwa ilivuta macho, lakini meza ndogo ndiyo iliyouza. Watu wa meza zote mbili walionja wastani wa ladha moja au mbili tu, kwa hiyo waliosimama mbele ya ladha 24 hawakutumia wingi huo kujaribu zaidi.

Katika makala hiyohiyo Iyengar na Lepper walieleza majaribio mengine mawili. Katika moja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa nafasi ya kuandika insha ili kuongezewa alama. Waliopewa mada 6 waliandika kwa asilimia 74, na waliopewa mada 30 kwa asilimia 60. Katika jingine, washiriki walichagua chokoleti kutoka aina 6 au 30, kisha wakaulizwa kama wangependa kulipwa kwa pesa au kwa boksi la chokoleti. Waliochagua kati ya aina 6 walipendelea chokoleti kwa asilimia 48, na wale wa aina 30 kwa asilimia 12 tu.

## Tafiti nje ya duka

### Akiba ya uzeeni Marekani

Jamu ni kitu kidogo, na anayeshindwa kuichagua hapati hasara kubwa. Mwaka 2004 Iyengar, Gur Huberman na Wei Jiang walichapisha utafiti kuhusu uamuzi mzito zaidi. Walichunguza rekodi za wafanyakazi karibu 800,000 katika mipango 647 ya akiba ya uzeeni inayoendeshwa kupitia waajiri. Katika mipango hiyo mfanyakazi huchagua mwenyewe mifuko ya uwekezaji itakayopokea pesa zake, na mara nyingi mwajiri huongeza kiasi fulani juu ya mchango wake.

Waligundua kwamba kila mifuko 10 iliyoongezwa katika orodha iliambatana na kupungua kwa washiriki kwa asilimia 1.5 hadi 2. Mpango uliokuwa na mifuko miwili ulikuwa na ushiriki wa karibu asilimia 75, na ule wenye mifuko 59 ulikuwa na karibu asilimia 60. Asiyejiunga hukosa akiba yake na hukosa pia nyongeza ya mwajiri. Hata hivyo utafiti huu ulitumia rekodi zilizopo, bila kugawa watu kwa bahati nasibu kama katika jaribio, hivyo tofauti nyingine kati ya waajiri huenda zilichangia.

### Pensheni ya Sweden

Mwaka 2000 Sweden ilianzisha mfumo mpya wa pensheni ambamo sehemu ya mchango wa kila mfanyakazi iliwekwa katika mifuko aliyoichagua mwenyewe kutoka orodha ya mifuko 456. Asiyechagua aliwekwa katika mfuko maalumu wa serikali. Serikali ilifanya kampeni kubwa ya kuwahimiza watu wachague, na takriban theluthi mbili walifanya hivyo. Baada ya kampeni kupungua, walioingia kwenye mfumo na kuchagua wenyewe walishuka hadi chini ya mmoja kati ya kumi ilipofika mwaka 2003.

Wachumi Henrik Cronqvist na Richard Thaler walitumia mfano huu kuonyesha kwamba panapokuwa na orodha ndefu, jambo lenye uzito mkubwa ni kile kinachompata mtu anayekaa kimya. Kama mfuko wa wasiochagua ni mzuri na una gharama ndogo, wingi wa machaguo hauwadhuru sana.

### Barua za mikopo Afrika Kusini

Jaribio moja kubwa barani Afrika lilifanywa Afrika Kusini na Marianne Bertrand, Dean Karlan, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jonathan Zinman, nalo lilichapishwa mwaka 2010. Kampuni ya mikopo ilituma barua zaidi ya 53,000 kwa wateja wake wa zamani. Kiwango cha riba na mwonekano wa barua vilibadilishwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya barua zilionyesha mfano mmoja tu wa mkopo na malipo yake ya kila mwezi, na nyingine zilionyesha mifano kadhaa.

Barua zenye mfano mmoja zilivutia waombaji wengi zaidi, ingawa mifano ya ziada ilimpa mteja taarifa zaidi. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko ya namna hii katika barua yalikuwa na nguvu inayokaribiana na kupunguza riba kwa robo. Matokeo haya huonyesha pia upande wa pili wa suala: kurahisisha chaguo huongeza mauzo hata pale ambapo kinachouzwa ni deni, na si lazima mteja anufaike kwa sababu tu amefanya uamuzi haraka.

## Sababu zinazotolewa

Watafiti wametaja sababu kadhaa zinazoweza kumfanya mteja alemewe:

* Kazi ya kulinganisha. Kila chaguo jipya hulinganishwa na yaliyotangulia, na bidhaa zinapotofautiana kwa mambo mengi kwa pamoja, kama bei, ukubwa, ladha na ubora, kazi huongezeka haraka.
* Majuto. Anayechukua kimoja kati ya 30 huacha 29, na kati ya hivyo 29 ni rahisi kuwaza kwamba kimojawapo kilikuwa bora.
* Matarajio makubwa. Aliyepewa vitu vingi hutegemea kupata kinachomfaa kabisa, na akikosa hujilaumu mwenyewe badala ya kulilaumu duka.
* Tabia ya mtu. Barry Schwartz na wenzake walitofautisha watu wanaotafuta kilicho bora kabisa na wale wanaotosheka na kinachofaa. Utafiti wa Iyengar, Rachael Wells na Schwartz wa mwaka 2006 uliwafuatilia wahitimu wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi. Wale wa kundi la kwanza walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi kwa takriban asilimia 20, lakini waliridhika kidogo zaidi na kazi walizopata.

Mwaka 2018 Elena Reutskaja na wenzake walichapisha utafiti uliopima utendaji wa ubongo wa watu waliokuwa wakichagua picha kati ya 6, 12 au 24. Sehemu za ubongo zinazohusika na kupima faida na gharama za uamuzi zilifanya kazi zaidi kwa picha 12 kuliko kwa 6 au 24. Watafiti walieleza kwamba faida ya kuongezewa machaguo huanza kwa nguvu kisha hupungua, wakati gharama ya kuyapitia huendelea kupanda.

## Ukosoaji

Baada ya jaribio la jamu, watafiti wengi walijaribu kupata matokeo yaleyale na bidhaa nyingine na katika nchi nyingine. Wengine walifaulu na wengine hawakuona tofauti yoyote. Kulikuwa na tafiti zilizopata kinyume, yaani watu walinunua zaidi au waliridhika zaidi walipopewa machaguo mengi.

Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne, Rainer Greifeneder na Peter Todd walikusanya majaribio 50, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa, yenye jumla ya washiriki zaidi ya 5,000, wakayachambua kwa pamoja. Wastani wa athari ya wingi wa machaguo ulikuwa karibu sifuri.

Wastani huo unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Anayechanganya maji ya moto na ya baridi hupata maji ya vuguvugu, lakini haina maana kwamba maji ya moto hayakuwepo. Majaribio yaliyoonyesha madhara na yale yaliyoonyesha faida yalifutana katika hesabu. Swali likawa ni kwa nini matokeo yalitofautiana kiasi hicho.

## Masharti ya kutokea

Mwaka 2015 Alexander Chernev, Ulf Böckenholt na Joseph Goodman walichapisha uchambuzi wa matokeo 99 kutoka tafiti mbalimbali. Badala ya kuuliza kama mzigo wa machaguo upo au haupo, waliuliza unatokea lini. Walitambua mambo manne:

1. Ugumu wa kuamua. Mteja mwenye haraka, au anayetakiwa kuzingatia mambo mengi kwa mara moja, hulemewa mapema.
2. Mpangilio wa bidhaa zenyewe. Bidhaa zilizochanganywa bila mpango, au zisizo na moja inayozishinda wazi nyingine, huchosha kuliko zilizopangwa kwa makundi.
3. Kutojua unachotaka. Mtu aliyefika dukani akijua anataka jamu ya stroberi haathiriwi na ladha nyingine 23. Asiyejua anachokipenda ndiye anayehangaika.
4. Lengo la mteja. Anayetaka kununua leo hulemewa zaidi kuliko anayetazama tu.

Kwa kuangalia masharti haya, jaribio la jamu linaeleweka vizuri zaidi. Ladha zilizozoeleka zilikuwa zimeondolewa, kwa hiyo wateja wengi hawakuwa na chaguo wanalolijua. Meza ya kuonjesha iliwakuta watu waliokuja kwa shughuli nyingine. Matokeo yake yanahusu hali ya namna hiyo, na hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye duka ambalo wateja wake wanajua wanachokifuata.

## Matumizi katika biashara

Uamuzi wa bidhaa zipi ziwekwe kwenye rafu ni mmoja wa maamuzi makuu ya uendeshaji wa duka. Kila aina inayoongezwa hufunga mtaji, huchukua nafasi, na huongeza uwezekano wa mali kuharibika kabla ya kuuzwa. Maduka ya Aldi, yaliyoanzia Ujerumani, hufuata mtindo wa kuuza aina chache kwa bei ndogo na yameenea katika nchi nyingi. Mafanikio ya mtindo huo hayatokani na saikolojia ya mteja peke yake: kununua aina chache kwa wingi hushusha gharama.

Kupunguza bidhaa kuna hatari pia. Utafiti wa Sharad Borle na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza duka la vyakula la mtandaoni lililopunguza aina za bidhaa zake. Wateja walirudi kununua mara chache zaidi, na jumla ya mauzo ilipungua.

Kwa sababu hiyo njia zinazopendekezwa mara nyingi huwa si kuondoa bidhaa, bali kupunguza kazi ya kuchagua:

* kupanga bidhaa kwa makundi yenye majina yanayoeleweka;
* kumwezesha mteja kuchuja kwanza kwa bei au matumizi, kisha kulinganisha chache zilizobaki;
* kuonyesha bidhaa inayonunuliwa zaidi;
* kuweka muuzaji anayeijua mali yake na anayeweza kumshauri mteja;
* kuweka chaguo la awali lenye manufaa kwa asiyetaka kuchagua.

Njia hizi humpa muuzaji uwezo mkubwa juu ya uamuzi wa mteja. Kama barua za Afrika Kusini zilivyoonyesha, anayepanga machaguo anaweza kuyapanga kwa faida ya mteja au kwa faida yake mwenyewe.

## Uhaba wa machaguo

Tafiti nyingi kuhusu mzigo wa machaguo zilifanyika Marekani na Ulaya Magharibi, tena mara nyingi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2022 Reutskaja, Nathan Cheek, Iyengar na Schwartz walichapisha utafiti uliouliza watu katika nchi sita, ambazo ni Brazil, China, India, Japani, Marekani na Urusi, kama wanaona machaguo waliyo nayo ni mengi mno au ni machache mno. Nje ya Marekani, waliolalamikia uchache walikuwa wa kawaida kuliko waliolalamikia wingi, na uchache ulihusiana kwa nguvu zaidi na kutoridhika.

Matokeo haya yanaonyesha kwamba ushauri uliotokana na supamaketi yenye aina 300 za jamu hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo na mfanyabiashara ambaye wateja wake wana aina mbili au tatu tu za kuchagua. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwemo katika utafiti huo wa nchi sita.

## Tazama pia

* Herbert Simon
* Richard Thaler
* Saikolojia
* Tabia ya wateja
* Uchumi wa kitabia